Kebo Uliyosema Imeshindikana

Goreti mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umetoka hapa na shangazi yako Odeta mchana huu, mmekwenda kuwaaga wanakwaya, na uso umeukunja kwa sababu nilikuuliza mara ya pili kama begi limefungwa. "Tutaona, Baba," ndivyo ulivyonijibu. Mtu anayeondoka kesho asubuhi kwenda kuanza kazi Muyinga hasemi tutaona. Nikingoja urudi nikwambie kwa mdomo, najijua, nitakohoa kidogo, nitaingiza habari za mvua, na wewe utakumbuka ghafla kwamba kuna kuni hazijapasuliwa. Kwa hiyo nimechukua ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, ili nione ninachoandika. Karatasi zikiwa nyingi usidhani nina hekima nyingi. Ni ukubwa wa herufi tu.

Mambo ya blanketi, sabuni na mwenye nyumba utakayepanga kwake sitayagusa. Shangazi yako ameyasema mpaka kuku wameyashika kichwani. Mimi nina neno juu ya kebo, ile uliyosema imeshindikana, na nitafika hapo kwa kuzunguka kidogo, maana baba yako akienda moja kwa moja hupotea.

Kipimo changu cha antena unakijua tangu ukiwa unatambaa, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri kilivyokuja kwetu. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Ngara, alikuwepo fundi mmoja Mtanzania, Masanja, aliyetunza redio za mawasiliano za kambi. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mshahara. Mapenzi yake yalikuwa redio ya ridhaa. Jioni alitundika waya wake juu, akakaa mbele ya mtambo aliouunda mwenyewe, akazungumza na watu wa nchi ambazo mimi nilizijua kwa majina tu. Hawakuwa na biashara yoyote. Walikuwa wanaambiana hali ya hewa na jinsi wanavyosikiana, wanaagana, basi. Mimi nilikuwa kijana mwenye ndevu za kubahatisha. Nilianza kwa kumshikia ngazi, nikaja kumshikia kipimo, mwisho nikawa napanda mimi na yeye ndiye anashika ngazi. Alipohamishwa aliniachia kipimo, akasema kimekaa naye muda mrefu kuliko mke wake na kimemletea ugomvi mdogo zaidi.

Kazi ya kipimo ni moja. Unakiunganisha na antena, nacho kinakuambia nguvu ya redio itakwenda hewani au itarudi nyuma kuunguza mtambo. Ukipata moja nukta mbili, moja nukta tatu, unashuka kwenye mlingoti unaimba. Ukipata tano, unashuka kimya na kuomba chai. Kwa kipimo hicho nimekulisha na kukusomesha, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikifuta vumbi kila Jumamosi huku akisema kwamba nakipenda kwa sababu hakinijibu. Zahanati, parokia, makampuni ya walinzi, wote kuanzia hapa Gitega mpaka Buraza wakipata shida ya antena wanamtafuta "yule mzee wa Tanzania". Mimi ni Mrundi wa Giteranyi, lakini nimeacha kubishana nao.

Halafu macho yangu yakaingia ukungu. Daktari alisema hautarudi nyuma, tushukuru tu ukitembea polepole. Herufi kubwa naziona, uso wako nauona, lakini kioo kidogo cha kipimo, ambacho nacho kimezeeka na kuvuja weusi pembeni, siwezi tena. Ndipo ukaanza mtindo wetu wa wewe kusoma na mimi kuamua. "Moja nukta nane, Baba." "Punguza waya kidogo." "Moja nukta tano." "Punguza tena." Watu wa Bukirasazi walisema fundi amepata macho mapya na yana sauti nzuri. Nilicheka nao. Sikujiuliza macho hayo yatakuwa ya kwangu mpaka lini.

Ile kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, ilitusaidia pia. Kipimo kina tundu la pini tisa mgongoni, na kompyuta ile ilikuwa na tundu la aina hiyo hiyo. Ukiziunganisha, namba zinatokea kwenye kioo kikubwa na hata mimi nazisoma. Radi ikaiua, unakumbuka, siku ile harufu ilijaa nyumba nzima. Ukaleta hii mpya, nyembamba kama sahani. Nikaizungusha, nikaipapasa pande zote nikitafuta pini tisa. Nikakuta matundu mawili bapa, basi. Nikakuuliza, "Sehemu yake nyingine iko wapi?" Ukacheka mpaka ukakaa sakafuni.

Sasa hapa ndipo nilipofanya upumbavu wangu, na ingawa uliuona kwa macho yako nataka uusikie kutoka kwangu, kwa sababu huko uendako utazungukwa na watu wa aina yangu. Tulikwenda wote kwa Saidi wa simu, pale karibu na soko. Alituonyesha kebo fupi, upande mmoja bapa, upande mmoja pini tisa.

"Mzee, ordinateur za sasa haziko na ile shimo," alisema. "Ile ilikwisha. Chukua hii, ndani yake iko na kadude kanatafsiri."

"Mimi nimeshika waya kabla hujazaliwa," nikamjibu. "Waya ni waya. Hauhitaji mkalimani."

"Ni kweli Mzee, mais waya haijui umri ya mtu."

Niliondoka nimenuna. Nikakata kebo ya simu mbovu, nikahesabu waya zilizomo, nikazichomelea kwenye pini ninazozijua mimi, nikachomeka kwenye kompyuta yako wewe ukiwa umekwenda kisimani. Sikuelewa kwamba lile tundu la zamani na hili jipya hayana nguvu sawa ya umeme wala hayasemi kwa taratibu moja. Nilidhani kwa kuwa yote ni matundu, waya utapita. Kulikuwa na mlio mdogo, kisha ile harufu. Uliporudi nilikuwa nimesimama nimeshika kebo kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Uliweka ndoo chini, ukajaribu tundu moja, ukajaribu la pili, ukasema, "Baba, tumebaki na moja." Ukabeba ndoo ukaipeleka jikoni. Kompyuta ulikuwa umeinunua kwa jasho lako, nami nimeipofusha jicho moja kwa kiburi tu. Kesho yake nilirudi kwa Saidi, akanitolea ile kebo bila kucheka, akaifuta vumbi kwa kanzu yake. Tangu siku hiyo namheshimu kijana yule kuliko wengi wa rika langu.

Yaliyofuata uliyafanya wewe. Kompyuta ikaikataa kebo ya Saidi kwa kuwa yule mkalimani wa ndani alikuwa wa bandia, na programu mpya zinawatambua na kuwanyima ukaribisho. Ukatafuta programu ya zamani isiyo na maswali mengi, ukakaa nayo, ukaisihi, mpaka siku moja ukapiga kelele kutoka ndani, "Imemkubali!" Mimi nilikuwa namenya ndizi uani. Nilifurahi, kisha nikaanza kumenya polepole. Ulikuwa umeniambia tangu mwanzo: hutaniacha mpaka kipimo kizungumze na kompyuta na mimi nisome mwenyewe. Kikizungumza tu, unakwenda.

Ikabaki kipande kifupi cha kuunganisha kebo ya Saidi na kipimo. Hicho tunakiunda wenyewe, na hapo hapakuwa na cha kukushinda. Nilikufundisha ukiwa darasa la nne, kwa maharage mekundu na meupe juu ya meza. Kila upande una waya wa kusema na waya wa kusikia. Vifaa hivi viwili ukiviunganisha kwa mstari ulionyooka, mdomo unakutana na mdomo na sikio linakutana na sikio, vyote vinasema na hakuna kinachosikia. Kwa hiyo unazivusha zile waya mbili, mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Nilipotaka kuendelea na kuufananisha na maisha uliniambia, "Baba, leo si Jumapili." Darasa la nne! Mama yako alilazimika kutoka nje acheke.

"Niachie, hicho ni changu," ulisema juu ya kile kipande. Nikakuachia. Tangu hapo kila nikiuliza, kipimo hakijibu. Mara kebo fupi mno, mara programu imekosea mlango wa kebo, mara umeme mdogo. Ukamwomba mkuu wa redio ya Muyinga akuongezee wiki. Ukamwomba tena. Juzi alipopiga, ulikuwa umeiweka simu mezani kwa sauti ya wote kwa kuwa mikono ilikuwa na unga, nami nikasikia.

"Mademoiselle Goreti, sisi tunakungoja tu. Émetteur yetu, mtambo wa kurusha matangazo, inazima kila saa ya habari, watu wanalalamika. Bon, kama lundi, Jumatatu, hauko hapa, mi nitatafuta mwengine. Unisamehe, lakini nitafanya aje?"

"Nitakuja," ukamwambia. "Ni kebo tu ya Baba."

Kebo tu ya Baba. Nililala na maneno hayo. Kazi umeiomba mwenyewe, umeshindana na wanaume wenye viatu vya ngozi, wakakuchagua wewe, na itakwenda kwa mtu mwingine kwa sababu ya nusu mita ya waya inayoitwa jina langu.

Mchana huu, kabla hujatoka, ulisema, "Labda ni kipimo chenyewe kimekufa, Baba. Kimezeeka." Nilikasirika kwa niaba ya kipimo. Mlipovuka tu lango nilikwenda mezani, nikachukua kile kipande ulichokiunda, nikatoa ile mita inayolia. Mita inayolia haihitaji macho. Unagusa ncha mbili, zikiwa zimeungana inalia, zisipoungana inanyamaza. Nilihesabu pini kwa ukucha. Nikagusa ya kusema upande huu na ya kusikia upande ule. Kimya. Nikagusa ya kusema na ya kusema. Ikalia. Ya kusikia na ya kusikia, ikalia vilevile, kwa furaha kabisa.

Nikasema, amesahau. Halafu nikafungua ganda la plagi, nikapapasa. Lehemu ilikuwa laini kama ushanga, kila waya umevalishwa mpira wake mdogo, hakuna hata unywele mmoja uliochomoza. Goreti, mtu aliyesahau hafanyi kazi nzuri hivyo. Wewe ulivusha waya za parokia ya Bukirasazi huku unasimulia harusi ya binamu yako, na hukukosea. Hili lilikuwa kosa lililovalishwa nguo za ibada. Nikajua umelitengeneza kwa makusudi.

Njia ya mwongo fupi, wanasema, na yako iliishia kwenye ncha ya kidole changu. Nilikasirika kidogo. Kisha nikawasha kompyuta ili nijue uongo umefika wapi, na hapo hasira ikaniishia. Kioo kizima kilikuwa na alama moja tu, kubwa kama kiganja. Vingine vyote umevificha. Nilipoigusa, programu ilifunguka na herufi zake kama za bango la dukani. Mlango ulikuwa sahihi. Mwendo wa kuzungumza ulikuwa sahihi, uleule wa kipimo. Kwenye plagi bapa nilikuta umefunga uzi wa sufi upande wa juu, ili nijue kwa kidole namna ya kuichomeka. Ulikuwa umenitayarishia maisha ya kukaa hapa bila wewe, kila kitu mpaka uzi, halafu mkono wako ukagoma kwenye waya mbili za mwisho. Nililia, mwanangu. Sina sababu ya kuficha, maana karatasi itakuambia yenyewe hapa pembeni.

Sasa niache nikwambie habari ya babu yako, na sitaifananisha na kitu.

Amani ilipoanza kurudi, malori yalikuwa yakija kambini kuchukua wanaotaka kurejea. Jirani zetu wa ukuta mmoja waliondoka na lori la kwanza. Habari zao zilitufikia kwa watu wa baiskeli wanaopita vichochoro vya mpakani: wamefika, wamepanda migomba, wamekula ndizi zake. Sisi tulibaki. Mimi nilikuwa natamani kurudi mpaka naota, kulikuwa na mradi Muyinga uliokuwa ukitafuta watu wanaojua redio, na Masanja alikuwa tayari kuniandikia sifa. Lakini nilimtazama baba yangu, miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, nikajiambia hataweza safari, na siwezi kumwacha peke yake. Nikakaa. Malori yakaja, yakaenda. Kila yalipopita nilikwenda kupanda mlingoti wowote, hata usio na shida, ili nisiyaone.

Sikumuuliza. Kwetu mtoto hamuulizi mzazi, "Nikikuacha utaweza?" Ni kama kumwambia umekwisha. Na mzazi hamwambii mtoto, "Nenda," kwa sababu itasikika kama anamfukuza. Tunaita heshima. Tulikula sahani moja miaka yote ile na hatukuligusa jambo hilo hata kwa kijiko.

Mwishowe kambi ilipofungwa tulipandishwa wote, tukakaa juu ya magunia yetu. Tulipokaribia mpaka, babu yako akaniuliza, "Kwa nini ulichelewa hivi kutaka kurudi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, Baba. Miguu yako."

Akageuka juu ya gunia lake. "Miguu yangu? Mimi nilikuwa nasema, huyu kijana amepata ufundi hapa, nikitaja kurudi ataacha kazi anifuate. Acha nikae tu, asiharibikiwe kwa ajili yangu. Mwana wanje, mwanangu, nilikuwa nakungoja wewe."

Lori likatufikisha Giteranyi. Tulikuta wazee waliojua mipaka ya shamba letu wamekufa, na watu wengine wanalilima. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na watoto na njaa kama sisi. Tukapewa kona ya chini karibu na bonde, ndiyo maana mimi nilikuja kutafuta maisha Gitega kwa kipimo. Babu yako alikula maharage ya msimu mmoja kwenye kilima alichokililia miaka yote, kisha akafa. Alikuwa akikaa mlangoni asubuhi anatazama tu, kama mtu anayekula haraka kwa kuwa sahani itaondolewa. Nilimnyima misimu mingine mingi, naye alininyima ujana wangu, na kila mmoja alifanya hivyo kwa kumpenda mwenzake. Nimewasamehe waliolima shamba letu. Hili la mimi na yeye bado linanisumbua, na sidhani kama litaacha.

Huko Muyinga wapo watakaokusikia unavyoongea na kukuita Mtanzania kabla hujafungua begi. Mimi nilijifanya sisikii, ikanichukua miaka kupata rafiki. Wewe jibu, hata kwa utani. Na ule mtambo unaozima saa ya habari, nina wazo langu juu yake, nimeliwaza tangu juzi, nimeuma ulimi. Sitakuambia. Ukikwama kabisa nipigie, lakini kwanza kwama.

Nimebakiza jambo moja.

Nilipasha chuma cha lehemu, nikazitoa zile waya mbili, nikazivusha. Nilijiunguza kidole gumba, si kitu, shangazi yako alinikuta na dawa ya mswaki juu yake aliporudi kuchukua mwavuli na hakuuliza. Mita ikalia panapotakiwa na kunyamaza panapotakiwa. Nikachomeka, uzi juu. Nikaunganisha antena ya paa letu, nikabonyeza. Ikakaa kidogo. Kisha namba zikaja, kubwa, nyeupe, moja baada ya nyingine. Nikasoma kwa sauti, kwa mazoea, "Moja nukta nne." Nikangoja mtu aseme ndiyo. Nyumba ilikuwa kimya, kwaya inasikika kule mbali. Nikasoma tena peke yangu, namba zote mpaka mwisho.

Na chuma kilikuwa bado cha moto, Goreti. Kilikuwa pale kwenye kishikio chake, kinatoa moshi kidogo. Nilikitazama nikawaza: dakika chache tu, nazirudisha waya zilivyokuwa. Ukirudi utakuta kebo yako kama ulivyoiacha. Asubuhi utasema, "Imeshindikana, Baba," nami nitasema, "Basi, mwanangu, Mungu hajataka," na mtu wa Muyinga atatafuta mwingine. Hakuna ambaye angejua. Wewe ungeficha lako na mimi ningeficha langu, na tungekula sahani moja mpaka nife. Nilikishika chuma. Nilifungua ganda la plagi. Nilikuwa nimeshaweka ncha karibu na waya wa kwanza mpaka nikasikia harufu ya mpira.

Sitakudanganya kwamba sikuhitaji. Nitaunguza maharage. Nitasoma vibaya siku yenye jua kali, nitapeleka vipimo vya uongo kwa padri na nitarudi kuomba radhi. Jioni nyumba hii itapwaya kama shati la marehemu. Nakuhitaji kuliko macho, na naogopa, na haya yote ni ya kweli, na hakuna hata moja linalokuhusu kesho asubuhi.

Nilichomoa chuma ukutani. Nimekaa nacho hapa mezani huku naandika, nimekigusa sasa hivi kwa kidole kile kizima, kimepoa. Kebo iko tayari, inafanya kazi, na mimi ndiye niliyeivusha. Baba yangu hakuniambia neno hili, nami sikumwomba aniambie, kwa hiyo nimeliandika kwa herufi kubwa zaidi ya zote ili tulione sote wawili.

Nenda.

Baba yako